Mita tatu kuzunguka basi: mwongozo wa dereva wa basi la shule mjini

Dereva mgeni wa basi la shule huogopa barabara. Huogopa lori linalomkaba kwa nyuma, pikipiki zinazochomoka kila upande, makutano yasiyo na taa. Mwache aendeshe mwezi mmoja, na kama ni mtu makini ataanza kuogopa kitu kingine kabisa: zile sekunde ishirini au thelathini ambazo basi limesimama, mlango uko wazi na watoto wako chini. Mtoto akiwa ndani, bati, viti na uzito wa gari zima vinamkinga. Akishaacha ngazi ya mwisho hana kinga nyingine ila macho ya dereva, na basi lile lile lililokuwa likimlinda sasa ndilo kitu kizito kuliko vyote vilivyo karibu naye.

Kwa hiyo hapa sitazungumzia sana mwendo. Nitazungumzia kusimama: kukikaribia kituo, kupakia, kushusha, kuondoka. Kila nchi ina sheria zake kuhusu taa, rangi na alama za basi la shule, na za kwenu uzijue kwa kichwa, kwa sababu ndizo zitakazosomwa mbele yako siku ya siku. Utaratibu huu unakaa juu ya sheria hizo, haukai mahali pake.

Kwanza, ujue usipopaona

Chora kichwani duara kuzunguka basi, mita tatu kila upande. Mtoto akiwa ndani ya duara hilo na humwoni, basi halisogei hata inchi. Marekani kipimo hiki hufundishwa madereva kwa futi, futi kumi, na watoto hufundishwa kwa lugha wanayoielewa: hatua tano kubwa, zile za kujifanya jitu.

Ndani ya duara hilo pana sehemu tatu mbaya. Ya kwanza ni mbele ya bampa. Basi lenye boneti ndefu linaweza kumficha mtoto wa darasa la kwanza mzima mzima, na hata basi la uso bapa humficha akiinama kufunga kamba za viatu. Ya pili ni tairi za nyuma za upande wa mlango, mahali ambapo mtoto aliyeshuka huegemea kumsubiri mwenzake. Ya tatu ni nyuma kabisa, ambako kioo cha ndani kinakuonyesha anga na vichwa vya watoto tu.

Usiamini maneno yangu, jaribu mwenyewe. Siku basi limeegeshwa mahali salama, kaa kwenye kiti chako kama unavyokaa ukiendesha, bila kujinyoosha shingo. Msaidizi wako achukue ndoo au koni inayofika usawa wa kiuno, aiweke kwenye bampa, kisha aisogeze mbele taratibu mpaka uione. Mwambie asimame, shuka, pima kwa hatua. Fanya hivyo pembeni na nyuma pia. Madereva wengi hurudi kitini kimya baada ya zoezi hili.

Sasa vioo. Vioo bapa vya pembeni vikuonyeshe ubavu wa basi na barabara iliyo nyuma. Vile vya mbele vilivyobinuka vikuonyeshe ardhi kuanzia kwenye bampa hadi pale macho yako yanapoanza kuona moja kwa moja kupitia kioo kikuu. Kusibaki pengo katikati. Kumbuka kuwa kioo kilichobinuka humfanya mtoto aonekane mdogo na wa mbali kuliko alivyo. Kama mnapokezana basi wawili, kila anayeketi aanze na vioo, hata kama anamshikia mwenzake kwa safari moja tu.

Kitu kingine kinachosahaulika ni mkia. Sehemu ya basi iliyo nyuma ya tairi za nyuma hupepea upande wa pili unapokata kona, na kwa basi refu inaweza kutoka karibu mita nzima. Ukiondoka ukingoni kwa kukata usukani ghafla kuelekea barabarani, mkia unaingia juu ya njia ya miguu, pale pale waliposimama watoto uliowashusha sasa hivi. Basi linyooke mbele kwanza, ndipo ulitoe polepole.

Ukaguzi wa asubuhi

Tairi, breki, taa, honi na kizima moto unavijua. Ongeza mambo mawili.

La kwanza ni bomba la kushikia mlangoni. Mikanda ya mabegi, kamba za kofia za makoti na skafu zimewahi kunasa kwenye pengo kati ya bomba na ukuta wa basi: mtoto anashuka, mlango unafungwa, dereva anaondoka huku mtoto amening'inia nje. Watoto wamekufa hivyo, na ndiyo sababu wakaguzi wa Marekani walibuni kipimo ambacho hakigharimu chochote. Chukua nati ya nusu inchi, ifunge kwenye kamba ya pamba yenye urefu wa sentimita 90 hivi. Simama chini mlangoni, dondoshea nati nyuma ya bomba kutoka juu, kisha ivute taratibu kuja nje kama mtoto anavyoshuka. Ikinasa popote, pengo hilo litamnasa mtoto pia. Lirekebishwe kabla basi halijatoka, si wikiendi.

La pili ni milango ya dharura. Ifungue kweli kila asubuhi, kuitazama hakutoshi. Tarehe 14 Mei 1988 karibu na Carrollton, Kentucky, basi lililowahi kuwa la shule na wakati huo likitumiwa na kanisa liligongwa uso kwa uso na gari la mtu mlevi. Tangi la mafuta likapasuka, mlango wa mbele ukawa hautumiki, na abiria wote wakakimbilia mlango mmoja wa nyuma kupitia ujia mwembamba kati ya viti. Walikufa watu 27, na waliuawa na moto na moshi wala si kishindo. Kila ninapoona mabegi yamepangwa vizuri mbele ya mlango wa dharura kwa sababu "pale hapakai mtu", nafikiria ujia ule.

Kupanga vituo

Hapa ndipo ajali nyingi huzuiwa, na dereva mara nyingi haulizwi. Jitahidi uulizwe.

Kanuni ni moja: mtoto ashukie upande wa nyumbani kwao, asivuke. Ikibidi uende barabara hiyo mara mbili, kwenda na kurudi, ukiwashusha wa upande huu kwanza na wa upande ule baadaye, fanya hivyo. Itakula dakika kumi. Mwenye shule atanung'unikia mafuta. Mwonyeshe barabara yenyewe saa ya jioni kisha mrudi kwenye mazungumzo.

Kituo kisiwe kwenye kona, wala nyuma ya mlima unaolificha basi kwa wanaokuja, wala karibu na makutano. Dereva wa nyuma anapaswa kukuona umesimama akiwa bado na nafasi ya kusimama naye. Hesabu ndogo: gari linaloenda kilomita 50 kwa saa linakula karibu mita 14 kila sekunde. Mtu akitupia jicho simu kwa sekunde mbili tu, amekwenda mita 28 bila kuangalia, na breki bado hajazikanyaga. Kituo kinachoonekana kutoka mita 30 peke yake si kituo.

Angalia pia watoto wanasimama wapi wakingoja. Pawe na nafasi ya kurudi nyuma hatua zile tano bila kuingia mtaroni au kwenye mlango wa duka la mtu. Na mlango wa basi uelekee njia ya miguu. Hili linaonekana jambo la wazi, lakini magari madogo yaliyonunuliwa kutoka nchi zinazoendesha upande mwingine wa barabara huja na mlango unaofungukia katikati ya magari. Gari la namna hiyo halifai kubeba watoto wa shule mjini. Msaidizi hodari hawezi kulirekebisha.

Kukaribia kituo

1. Punguza mwendo mapema, ukiangalia vioo vyote kabla hujagusa breki. Wa nyuma yako anahitaji taarifa.
2. Washa taa za tahadhari. Basi lenye taa za njano za kumeta uziwashe angalau mita 30 kabla, au zaidi kama sheria yenu inavyotaka. Nyekundu na kibao cha kusimama, kile chekundu kinachofunguka ubavuni mwa basi, vifuate basi likishasimama na sio kabla.
3. Ingia kwa mwendo wa mtu anayetembea. Tazama watoto, si ukingo. Wakianza kusukumana au mmoja akikimbilia basi, simama hapo hapo ulipo, hata kama ni mita kumi kabla ya kituo. Watajifunza kwamba wakikimbia basi haliji.
4. Sogea karibu na ukingo, sentimita 30 hivi, kiasi kwamba pikipiki wala baiskeli haiwezi kupenya kati ya mlango na njia ya miguu. Ukiacha mita moja umefungua uchochoro, na mjini uchochoro haukai mtupu.
5. Gia nyutro, hendibreki juu. Mguu kwenye breki peke yake hautoshi. Mguu huteleza, na mtu akikugonga kwa nyuma mguu huruka.
6. Tazama kioo cha upande wa mlango kwa mara ya mwisho. Ndipo ufungue.

Ukikuta kituo chako kimezibwa na gari lililoegeshwa, usisimame sambamba nalo, watoto wakapenya kati ya magari mawili. Sogea mbele mpaka upate ukingo mtupu na msaidizi awalete watoto kwa kutembea. Utapigiwa honi. Honi haijavunja mguu wa mtu.

Neno moja kuhusu rangi, kwa kuwa wapo wanaodhani inatosha. Njano ya mabasi ya shule ilikubaliwa mwaka 1939 kwenye mkutano ulioitishwa na Frank Cyr katika Chuo cha Ualimu cha Columbia, New York, na ilichaguliwa kwa kuwa maandishi meusi juu yake husomeka vizuri alfajiri na magharibi. Inasaidia basi kuonekana. Haikanyagi breki za mtu mwingine. Wala kibao chekundu hakikanyagi: hata kule ambako kupita basi la shule lililosimama ni kosa kubwa, wapo wanaopita kila siku. Wewe endesha kama kwamba atapita.

Kupakia

Kupakia ni kwepesi kuliko kushusha, kwa sababu mtoto anakuja kwako na unamwona. Watoto wabaki nyuma ya hatua zao tano mpaka basi lisimame kabisa, mlango ufunguke na wewe utoe ishara. Waingie mmoja mmoja, mkono mmoja kwenye bomba. Wahesabu unapofika, wahesabu wanapoingia. Namba zisipolingana, kuna mtu yuko mahali usipopaona. Usiondoke mpaka wote wameketi na mikanda imefungwa kama ipo. Kwenye mabasi makubwa yaliyojengwa kwa ajili ya shule, viti vyenye migongo mirefu na minene vilivyobanana hufanya kazi ya kumzuia mtoto asirushwe mbali. Kwenye basi dogo la kawaida kinga hiyo haipo, na mkanda si hiari.

Kisha yuko mchelewaji. Kila kituo kina mmoja. Umefunga mlango, umetoa hendibreki, na kwenye kioo unamwona anakuja mbio na shati nje, au, mbaya zaidi, humwoni kwa sababu anakimbia sambamba na tairi ya nyuma akigonga bati. Ndiyo maana kabla ya kuondoka vioo huangaliwa mara mbili, mara ya pili polepole, na redio imezimwa. Akifika, rudisha hendibreki juu kwanza, ndipo ufungue mlango.

Kushusha, na ndipo kazi ilipo

Jioni watoto wamechoka, wana njaa, wana michoro mikononi ya kumwonyesha mama. Wewe nawe umechoka. Mambo yote mabaya hupenda saa hiyo.

Kabla ya kufungua mlango, jua kwa namba wanashuka wangapi. Itamke kwa sauti: "Wanne hapa." Msaidizi ajibu: "Wanne." Mlango ukifunguka hesabu vichwa vikipita, kisha, na hapa ndipo wengi hukatisha, wahesabu tena wakiwa chini, wamesimama nje ya mita tatu, mahali unapowaona kwa macho yako. Wanne walioshuka na watatu unaowaona maana yake basi haliendi. Zima gari, toa ufunguo, shuka, zunguka, inama utazame chini ya gari. Usimtume msaidizi akuambie "twende". Macho yawe yako.

Niliwahi kuona aibu kufanya hivyo. Nyuma foleni ilikuwa imefika makutano, watu wanapiga honi, nami nikasema moyoni, wanne walishuka, wanne wamekwenda. Nikashuka kwa kusita. Wa nne alikuwa amechuchumaa kwenye tairi ya nyuma akifukuzana na karatasi iliyopeperushwa na upepo. Tangu siku hiyo honi za foleni nazisikia kama mvua juu ya bati.

Kitu kilichoanguka ndicho chambo kikuu. Daftari, chupa ya maji, mpira. Mtoto hafikirii tairi. Anafikiria atakavyogombezwa nyumbani kwa kukipoteza. Wafundishe sentensi moja na uirudie kila Jumatatu: "Kikianguka, kiache, mwambie dereva." Nawe akikuambia, usikasirike hata siku moja. Ukimfokea mara moja, mara ya pili hatakuambia, ataingia chini ya gari mwenyewe.

Chambo cha pili ni mzazi. Mama amesimama ng'ambo ya barabara, anatabasamu, anapunga mkono. Mtoto hamwoni mtu mwingine wala gari, anamwona mama. Hakuna mafunzo yanayoshinda hilo kwa mtoto wa miaka mitano, na watoto wadogo hata wakitazama hawajui kukadiria kasi ya gari linalokuja. Basi mpigieni simu mzazi huyo, kwa adabu lakini bila kuzunguka: angoje upande wa mlango, si ng'ambo. Asiyeweza kufika, shule ipewe jina la atakayefika. Mtoto mdogo asipopokelewa, anarudi kitini na kuendelea na safari. Haachwi kwa muuza duka, hata kama muuza duka ni mtu mwema.

Hakikisha pia pikipiki haipiti upande wa mlango juu ya njia ya miguu. Msaidizi ashuke kwanza, asimame upande wa nyuma wa mlango akitazama wanaokuja, watoto washuke chini ya mkono wake. Msaidizi anayebaki juu akisukuma mabegi hajasaidia kitu.

Ikibidi mtoto avuke

Panga vituo uwezavyo, wachache watabaki wa kuvuka. Hao wana utaratibu wao, na haubadiliki kwa mvua wala kwa haraka.

Mtoto anashuka, anatembea kando ya barabara kuelekea mbele ya basi hatua zake tano kubwa kupita bampa, mpaka auone uso wako nawe uuone wake. Hapo anasimama. Wewe unatazama pande zote mbili na vioo, unahakikisha magari yamesimama, yaani yamesimama, si yamepunguza. Unampa ishara mliyokubaliana. Anavuka mpaka usawa wa ubavu wa nje wa basi, anasimama tena, anatazama mwenyewe kushoto na kulia, kwa kuwa wewe hapo humwonei pikipiki inayokupita ubavuni. Ndipo anamaliza. Hapiti nyuma ya basi hata siku moja. Wa darasa la chini anavushwa na msaidizi kwa mkono.

Ishara iwe moja na isifanane na ile ya kuwaruhusu magari. Ukipunga mkono hewani, dereva wa mbele anaweza kudhani unamwambia apite, na mtoto anadhani unamwambia avuke. Wengine hutumia kidole kimoja kuonyesha upande wa kwenda, kinatosha. Nayo honi ibaki na maana moja kwa watoto: hatari, rudi ulikotoka. Dereva anayepiga honi kuaga watoto ameharibu kengele yake mwenyewe.

Kurudi rivasi

Usirudi. Panga njia isiyohitaji kurudi. Kama barabara haina pa kutokea mwishoni na hakuna budi, kuna kanuni ambayo madereva wazoefu huishika: watoto wawe ndani wakati wa kurudi. Asubuhi wapakie kwanza, kisha rudi. Jioni rudi kwanza, kisha uwashushe. Msaidizi asimame nyuma mahali unapomwona kwenye kioo; akipotea kwenye kioo, breki.

Langoni mwa shule

Hapa watoto mia kadhaa wanashuka ndani ya robo saa, na adui mkubwa si lori bali gari dogo la mzazi aliyechelewa kazini. Mabasi na magari ya wazazi visitumie ukingo mmoja. Kama shule ina lango moja tu, vitenganishwe kwa saa: mabasi kwanza, wengine baadaye.

Mabasi yapangwe kwa mstari mmoja ukingoni, milango upande wa shule, la kwanza liende mpaka mwisho wa mbele ili ya nyuma yasizibe barabara. Yasogezwe karibu karibu kiasi kwamba mtoto hashawishiki kupenya katikati. Hakuna anayefungua mlango mpaka la mwisho limesimama. Hakuna anayetoka kwenye mstari kulipita la mbele. Yanaondoka kwa pamoja, baada ya mwalimu wa zamu kuhakikisha njia ni nyeupe na kutoa ishara. Dereva mmoja mwenye haraka akichomoka peke yake, amewafundisha watoto kwamba basi lililosimama linaweza kuondoka wakati wowote.

Na zima injini. Moshi wa dizeli kwenye mstari wa mabasi huingia kwenye basi la nyuma kupitia mlango ulio wazi, na watoto ndio wanaouvuta. Injini iliyozimwa ina faida nyingine: unasikia. Mtoto akilia chini ya gari, utamsikia.

Njia ya reli

Kwa miji yenye treni hili halina mjadala. Simama kati ya mita 4.5 na 15 kutoka reli ya kwanza, kila safari, hata kama hukuwahi kuona treni hapo. Nyamazisha watoto, fungua mlango na dirisha lako, tazama, sikiliza. Desturi ya kufungua mlango ilienea Marekani baada ya basi la wanafunzi kugongwa na treni Utah tarehe 1 Desemba 1938 katika dhoruba ya theluji. Kisha, kabla hujapanda reli, jiulize swali la pili: ng'ambo kuna nafasi ya kulitosha basi langu zima? Tarehe 25 Oktoba 1995 huko Fox River Grove, Illinois, basi lilivuka reli likasimama kwenye taa nyekundu ya makutano, mkia ukabaki kwenye njia ya treni. Wanafunzi saba walifariki. Aliyekuwa akiendesha alikuwa akishika zamu ya mwenzake, hakuizoea njia ile. Anayekushikia zamu, mpitishe kwenye njia mkiwa wawili kabla hajaenda peke yake.

Basi likikwama juu ya reli, toa watoto wote kwanza. Waende mbali na reli lakini kwa mshazari kuelekea upande treni inakotoka. Vipande vya gari hurushwa kule treni inakoelekea.

Mwisho wa safari

Basi limefika, watoto wameshuka, orodha inaonyesha wote wamefika. Bado hujamaliza. Julai 2018 nchini Korea Kusini mtoto wa miaka minne alisahaulika kwenye gari la shule ya awali siku ya joto kali akafa. Septemba 2022 nchini Japani mtoto wa miaka mitatu alisahaulika kwenye basi la chekechea, naye akafa. Nchi zote mbili ziliishia kuweka kwa sheria kifaa cha kengele ambacho hakinyamazi mpaka dereva aende nyuma ya gari kukizima. Japani ilianza Aprili 2023. Ndani ya gari lililofungwa juani joto linaweza kupanda nyuzi kumi za Selsiasi kwa dakika kumi hivi, na mwili wa mtoto hupata joto haraka mara kadhaa kuliko wa mtu mzima.

Kifaa hicho hakina ujanja wowote ila kukulazimisha utembee. Tembea bila kulazimishwa. Zima gari, inuka, nenda mpaka kiti cha mwisho ukitazama kila kiti na chini ya kila kiti, kwa sababu mtoto aliyelala huteleza sakafuni. Inua masweta, usiyatazame tu. Ning'iniza kwenye dirisha la nyuma kibao kilichoandikwa BASI TUPU, rudi mbele ukitazama upande wa pili, andika saa na jina lako kwenye daftari. Msaidizi afanye vivyo hivyo baada yako, bila kukuuliza kama umeshaangalia. Ndipo mfunge mlango.